Kitabu Kingali Mkononi: Namna ya Kuwaeleza Wenzako Unachokisoma Sasa

Jumapili mbili kila mwezi, baada ya misa na ibada kwisha na bukari (ugali wetu) kuliwa, tunakutana watu wanane au kumi katika lupango mmoja, yaani kiwanja cha nyumba, wa Katuba, hapa Lubumbashi, kila mmoja akiwa na kitabu anachokisoma wakati huo. Swali la kufungulia ni moja tu: "Umefika wapi?" Mgeni anayekuja kwa mara ya kwanza huficha kitabu chake chini ya kiti na kujibu kwamba hajakimaliza, kwa hiyo hana la kusema. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake, kwa sababu ambaye hajamaliza ndiye hasa mwenye la kusema: bado ana hamu, bado ana hasira, bado hajui kama mhusika anayempenda atapona, ilhali aliyemaliza miezi sita iliyopita mara nyingi amebaki na jina la mwandishi na kumbukumbu hafifu kwamba kilikuwa kizuri.

Ukimya huo, nadhani, umetoka shuleni. Sisi tuliosoma sekondari za hapa tulizoezwa kuandika fishi ya kusoma: jina la mwandishi, mahali alipozaliwa, muhtasari ambao mwalimu aliuita rezime, wahusika wakuu, dhamira, kisha funzo. Fishi ni kazi nzuri kwa mtihani, na sina ugomvi nayo, lakini ukiileta chini ya mwembe tunapokutania wasikilizaji wataanza kutazama simu zao. Ushahidi ninao mwenyewe. Siku ya kwanza nilipopewa nafasi nilisimulia riwaya nzima kwa dakika 40, tangu harusi ya ukurasa wa kwanza hadi mazishi ya ukurasa wa mwisho, na nilipotua mama mmoja muuguzi alinishukuru kwa upole, akasema kwamba sasa hana haja tena ya kukisoma. Alidhani ananisifu. Kitabu kile kilikaa kwangu miaka miwili bila mtu hata mmoja kukiazima.

Anza basi na mahali ulipo. Sema: "Niko ukurasa wa 112 kati ya 480, nilikianza wiki mbili zilizopita, ninakisoma usiku watoto wakishalala." Maneno hayo machache yanamwonya aliyekwisha kukisoma asikuvurugie ya mbele, yanawajulisha wengine unene wa kitabu na muda kinaoudai, na yanakupa wewe ruhusa ya kutojua. Usiridhike na kusema "niko mwanzoni", maana katika kitabu cha kurasa 600 mwanzo waweza kuwa ukurasa wa 90, na mtu aliyevumilia kurasa 90 amekwisha kuona mengi. Kama unasomea katika simu, au una fotokopi iliyopoteza kurasa zake za mbele, taja sura badala ya ukurasa. Mara nyingine kitabu chenyewe kina ngazi zake. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, Karama anajitetea mbele ya baraza kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, ambao kila aliyerejea alitupwa gerezani badala ya kupokewa. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akikisoma hakutaja ukurasa wowote. Alisema: "Niko kwa mjumbe wa tatu. Najua tayari kwamba akirudi atafungwa, na bado nataka arudi." Sote tulielewa alipo, na nadhani wawili kati yetu walikitafuta kitabu hicho kwa sababu ya sentensi hiyo ya pili.

Sema pia kitabu umekipata wapi, kwa kuwa swali hilo litakuja tu: kama ni cha kuazima, kama umekinunua kwa wale wanaotandaza vitabu chini kando ya barabara mjini, kama kimetoka kwenye maktaba ya parokia. Hilo halihitaji zaidi ya pumzi moja.

Baada ya hapo weka mandhari kwa sentensi mbili au tatu, uishie hapo. Nani, yuko wapi, anataka nini. Kijana mmoja wa chuo kikuu aliyekuja na Germinal ya Émile Zola, riwaya ya wachimba makaa ya mawe wa kaskazini mwa Ufaransa iliyochapishwa mwaka 1885, alituwekea mandhari hivi: "Mtu asiye na kazi anafika usiku, kwenye baridi kali, katika mji wa machimbo. Anaajiriwa kushuka shimoni. Ninaanza kuhisi kwamba hatakubali kunyamaza kwa muda mrefu." Hakututajia familia ya watu kumi anayokwenda kufanya kazi nayo, wala majina ya mashimo, wala nani atampenda nani. Majina hayo yote msikilizaji hawezi kuyashika, na hata akiyashika hayamfai kitu kabla hajakutana na wenye nayo.

Sasa tumefika kwenye kiini cha kazi yenyewe, ambacho wengi hukiruka: chagua mahali pamoja katika kitabu, padogo, upafungue mbele ya watu. Nusu ukurasa yatosha. Pasiwe lazima mahali penye tukio kubwa, bali mahali ulipojikuta umesimama, ukarudi nyuma na kusoma tena. Yule kijana alichagua ukurasa ambao farasi mchanga anashushwa shimoni akiwa amefungwa ndani ya wavu, akining'inia chini ya kizimba kinachobeba watu, hata akifika chini anakuwa kama maiti kwa hofu. Ndipo farasi mzee mweupe, aliyekaa chini ya ardhi miaka kumi, anapomsogelea na kumnusa, kana kwamba anatafuta katika ngozi ya mwenzake harufu ya hewa ya juu aliyokwisha kuisahau. Hakueleza kwamba ukurasa huo unahusu unyonge wa wafanyakazi. Aliusoma, akanyamaza kidogo, akasema: "Hapa niliweka kitabu chini nikaenda kuchota maji." Sijasikia maoni bora kuliko hayo mwaka huu.

Lakini kitabu kimeandikwa kwa Kifaransa, na mazungumzo yetu ni ya Kiswahili, kwa hiyo kusoma kwa sauti kwetu sisi ni kutafsiri papo hapo. Wengine huona aibu, wakasoma Kifaransa tupu haraka haraka na kuwaacha nje mama na baba ambao Kifaransa chao ni cha kusikia tu. Ushauri wangu ni huu: soma sentensi kwa lugha ya kitabu, kisha iseme kwa Kiswahili chako, bila kukimbilia kamusi, na ukikwama waombe walioketi wakusaidie. Hapo ndipo panapokuwa patamu. Kijana alikwama kwenye neno "porion", ambalo Zola analitumia kwa msimamizi wa wachimbaji, na kabla hajaanza kulizunguka, baba mmoja mstaafu alisema: "Huyo ni kapita." Alipofika kwenye "coron", zile safu za nyumba zinazofanana ambazo kampuni imewajengea wafanyakazi, yule baba, ambaye alizaliwa katika kambi ya Union Minière, kampuni ya zamani ya migodi ya hapa, hakungoja kuulizwa: "Kambi. Andika kambi." Tangu hapo riwaya ya Ufaransa ilikuwa imehamia Lubumbashi, na watu waliuliza kama kapita huyo naye aliandika majina asubuhi, kama mkate ulikatwa kwenye mshahara, kama chuma cha ngazi kilikuwa cha baridi. Kijana alijibu alichokijua, na alipokuwa hajafika alisema hajafika.

Kusoma kwa sauti kuna faida nyingine, ambayo sisi wa mji huu tuna sababu ya pekee ya kuijua. Mwaka 1965 André Yav, akiwakusanyia habari wale waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, aliandika kwa Kiswahili cha hapa historia ya mji ambao wakati huo bado uliitwa Élisabethville. Andiko hilo lilipigwa chapa bila kufuata kanuni za vituo wala za kutenga maneno, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyelichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1990, alieleza kwamba ilibidi kwanza lisomwe kwa sauti na mtu wa Lubumbashi ndipo maana yake ifunguke. Macho yalishindwa mahali ambapo sikio liliweza. Jambo hilohilo hutokea kwenye kitabu chochote, ingawa kwa kadiri ndogo: sentensi uliyoipita kimya mara mbili bila kuona kitu, ukiitamka mbele ya watu wanaokusikiliza, utasikia kejeli iliyojificha ndani yake, au utasikia kwamba ni mbovu.

Hapo umefika kwenye maoni. Watu huogopa neno hili, wakidhani wanatakiwa watoe hukumu. Hukumu waachie wanaolipwa kwa kazi hiyo. Linalotakiwa hapa ni kusema kitabu kinakufanya nini kwa sasa, na kuonyesha kwa kidole mahali kinapokufanya hivyo. "Kizuri" na "kibaya" ni maneno yanayofunga mlango. "Kinanichosha" ni afadhali, ila linahitaji swali moja la nyongeza ambalo mtu hana budi kujiuliza mwenyewe kabla hajaulizwa: kimenichosha kitabu, au nimechoka mimi? Anayesoma saa tano ya usiku kwa mwanga wa simu, baada ya kutwa nzima kazini, asimbebeshe mwandishi lawama zote.

Mfano wa maoni mepesi yaliyosemwa vizuri niliupata kwa yaya mmoja (ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa) fundi wa umeme aliyekuwa akisoma Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mwana wa mji huu aliyezaliwa mwaka 1981, ambaye riwaya yake ilitoka Paris mwaka 2014. Wengi wetu tulikuwa tumesikia habari ya Tram 83 yenyewe, baa yenye kelele katika mji wa machimbo. Yaya alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba wanawake wa baa wanaouliza wateja saa ngapi, swali lilelile likikatiza mazungumzo tena na tena, walimkera hadi akataka kuruka mistari. La pili, kwamba kufikia katikati ya kitabu alianza kulingoja swali hilo, na ukurasa usiokuwa nalo aliuona kama una upungufu. "Sijui kama mwandishi amenishinda au amenizoesha," alisema. Angalieni alichofanya: hakusifu, hakulaani, ametaja kitu ambacho yeyote anaweza kukifungua na kukiona, ameeleza jinsi hisia yake ilivyogeuka, na ameacha jambo likiwa halijaamuliwa kwa sababu kweli halikuwa limeamuliwa. Mkutano uliofuata alirudi na kusema kwamba sasa amechoka nalo tena, na hakuna aliyemcheka. Ruhusa ya kugeuka ni haki ya mtu aliye katikati ya kitabu.

Kulinganisha kitabu na maisha yako kunaruhusiwa, na ndiko kunakoyapa mazungumzo joto. Tatizo ni kwamba masolo, yaani maongezi, yana tabia ya kukimbia: mtu anaanza na mama mkwe wa kwenye riwaya, anahamia kwa mama mkwe wake, na nusu saa baadaye tunajadili bei ya mahindi. Sisi tumeweka desturi ndogo. Anayezungumza hushika kitabu mkononi muda wote; akikiweka chini, jirani yake humrudishia bila kusema neno.

Wasikilizaji nao wana kazi yao. Swali baya kuliko yote ni "Kitabu hicho kinafundisha nini?", kwa sababu linamrudisha msemaji kwenye fishi ya shule, naye atatunga funzo hapo hapo ili asiaibike. Muulize badala yake ni ukurasa gani uliomfanya asimame, au ni mhusika yupi ambaye asingependa awe jirani yake, au kama kitabu kingempotea leo angekitafuta. Kama umekwisha kukisoma, zuia ulimi, hata pale msemaji anapokosea waziwazi kuhusu mtu ambaye wewe unajua atakuja kumsaliti rafiki yake. Kosa lake ni sehemu ya starehe yake, na siku akifika ukurasa ule atakukumbuka kwa kicheko au kwa hasira, vyote viwili vikiwa vya heshima.

Kutokubaliana na mkubwa kunahitaji njia. Kwetu haifai kumwambia baba wa miaka 70 kwamba amekisoma kitabu vibaya, lakini inafaa kabisa kufungua ukurasa na kusema: "Baba, nisaidie hapa, mimi niliona kama huyu mtu anadanganya." Ukimwachia mkubwa ukurasa badala ya hoja, ataamua mwenyewe, na mara nyingi ataamua kwa haki. Mkubwa naye, kwa upande wake, asimalizie maneno ya kijana, jambo ambalo wakubwa wetu, nikiwemo mimi sasa, tunalifanya bila kujitambua.

Kuhusu vitabu vya dini nina neno la pembeni, kwa kuwa katika mji huu ndivyo vinavyosomwa na watu wengi zaidi, kuliko riwaya, na si vizuri kujifanya havipo. Anayesoma Biblia kwa mpangilio wa mwaka mzima, au kitabu cha mafundisho cha mchungaji wake, anakaribishwa kama wengine na anaulizwa umefika wapi kama wengine. Tunachomwomba ni kwamba azungumze kama msomaji, asihubiri: atuonyeshe mstari uliomshangaza, atuambie ni wapi hakuelewa. Mama mmoja aliyekuwa katika kitabu cha Hesabu alikiri kwamba orodha za makabila zilimlaza usingizi siku tatu mfululizo, mpaka alipofika kwa mabinti watano wa Selofehadi wanaodai urithi wa baba yao aliyekufa bila mtoto wa kiume. Hapo aliamka, na sisi tuliamka naye, maana katika lupango ule hapakuwa na familia isiyojua kesi ya namna hiyo.

Kitabu kikikushinda, kiache, uje useme umekiachia wapi na kwa nini. Sioni aibu yoyote hapo, ila naomba jambo moja, kwamba usikiache kabla ya kurasa 50 kama ni kinene, wala usiendelee nacho kwa ukaidi hadi ukaanza kuchukia kusoma kwenyewe. Mwenzetu aliyeacha riwaya kwenye ukurasa wa 71, akatusomea sentensi iliyomvunja moyo, alimfanya mwingine aichukue papo hapo, kwa kuwa sentensi ileile ilimpendeza.

Linabaki suala la kuazimana, ambalo ukizungumza vizuri halikwepeki. Tuna daftari la shule la kurasa 100, lenye mistari ya kalamu iliyopigwa kwa rula: jina la kitabu, mwenyewe, aliyekichukua, tarehe. Vitabu ni ghali, na urafiki umewahi kuvunjika kwa sababu ya kitabu kilichorudi kikiwa kimelowa mvua ya Januari, kwa hiyo kifunge katika mfuko wa plastiki na usikikunje pembe. Kipande cha boksi la chai kinatosha kuwa alama. Na kitabu ulicho katikati yake usikiazimishe hata ukiombwa na mkubwa, kwa maana kitarudi baada ya miezi minne na wewe utakuwa umesahau nani alikuwa na hasira na nani. Mwombaji aandike jina lake chini ya kitabu hicho na asubiri. Jumapili iliyopita mama muuguzi aliandika lake chini ya Germinal. Kijana yuko ukurasa wa 214.